Kioo cha Baba Mkubwa

Nilikuwa nimefika nusu ya kioo cha mbele, nashusha taulo taratibu kutoka juu kwenda chini kama nifanyavyo kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, Baba Mkubwa aliponishika mkono akaninyang'anya lile taulo.

Alilikunja akalitupa mtaroni.

"Baba Mkubwa, hilo ni jipya," nilisema.

"Jipya la nini? Wewe unafuta au unapaka? Njoo ukae hapa uone mwenyewe. Taa za watu zote zimekuwa maua."

Nilikaa kwenye kiti chake, nikashika usukani. Mbele yangu taa ya barazani kwa jirani ilikuwa taa tu.

"Umeona?"

"Nimeona," nilisema. "Maua."

Nilisema hivyo kwa sababu sijui kubishana na mtu mzima. Na nilikuwa na hakika kosa ni langu. Siku zile kila kosa lilikuwa langu.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika nyumba hii. Kwa wageni, ni hivi: kampuni iliyoniajiri baada ya diploma yangu ilifunga milango. Mwezi huohuo wajumbe wa kwao Hairul, mchumba wangu, wakaja kuvunja posa, wakaniachia pete kama desturi inavyotaka, kana kwamba pete ingenifaa kitu. Nyumbani Kuala Kangsar sikuweza tena kwenda hata sokoni. Wanawake waliacha kuongea nikipita, wakaanza tena nikishapita.

Ndipo Baba Mkubwa Rodzi alipokuja na gari lake la kubebea watoto wa shule. Alipakia begi langu yeye mwenyewe. "Mtoto wa mdogo wangu hachekwi na mimi nipo hai," alisema, na akanileta kwake, mji wa Taiping.

Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo. Nifute vioo vya gari asubuhi, nifungue mlango watoto wapande, nihesabu vichwa.

Wiki iliyopita niliishia pale gari letu lilipomkwangua muuza mikate na pikipiki yake kwenye mzunguko wa barabara. Hakuumia mtu. Mikate ilitapakaa barabarani, watoto wakacheka, mimi nikashuka kuiokota.

Ila jioni ile, kwenye kundi la simu la wazazi, Mama Mkubwa Saodah aliandika: *Tunaomba radhi sana. Kioo kilikuwa na ukungu, msichana wetu hakukifuta vizuri.*

Msichana wao ni mimi.

Majibu yalikuja kama mvua. Rozana, mama yake Qistina, mmoja wa watoto tunaowabeba, ndiye aliyenichoma zaidi: *Afundishwe kufuta basi. Hawa ni watoto, si mikate. Likitokea tena wanangu nawahamisha.* Wazazi wengine wakabandika mioyo chini yake.

Wakihamisha watoto, gari limekufa. Na gari likifa, Baba Mkubwa naye amekwisha. Amewabeba watoto wa mji huu tangu kabla sijazaliwa, na baadhi yao sasa wanamletea watoto wao. Mtu aliyenipokea nilipokuwa nachekwa na kila mtu angekwisha kwa sababu mimi sijui kufuta kioo.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani nilipoliokota lile taulo mtaroni na kwenda nalo kwa Swee Fong.

Swee Fong nilisoma naye. Sasa anauza vitu vya magari dukani kwa baba yake. Mimi nikisema neno moja yeye anasema thelathini, ndiyo maana tulielewana tangu shule.

"Hili umelitoa wapi?" Alilibana kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Supamaketi."

"Limeandikwa maikrofaiba?"

"Limeandikwa."

"Hata mimi naweza kuandikwa malkia. Lete huo mtandio wako."

Nilikuwa nimejitanda mtandio mweusi. Alichukua upande mkavu wa taulo akausugua kwenye ncha yake. Ncha ikajaa manyoya meupe kama imelaliwa na paka.

"Umelifulia wapi?"

"Dobi la sarafu. Pamoja na mataulo ya kuogea."

Hapa Taiping mvua haitupi nafasi. Nguo ukiianika leo, keshokutwa unaianua ikinuka uvundo. Kwa hiyo kila nyumba hupeleka nguo zake kwenye mashine za sarafu zikaushwe kwa moto.

"Ukatia na ile dawa ya kulainisha, ya harufu ya maua."

Niliyatazama mataulo rafuni.

"Umetia."

"Kila mtu anatia."

"Kwenye shuka watie. Hili linashika uchafu kwa vijinyuzi vyake, Iqah. Ukilitumbukiza kwenye moto na mataulo ya pamba, linazoa manyoya yao yote. Ile dawa nayo inaliziba kwa mafuta. Halafu unakwenda kumpaka mzee wa watu mafuta na manyoya kwenye kioo. Diploma yako ilikuwa ya nini vile?"

"Uhasibu."

"Ah. Pole."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha machozi yakataka kutoka, nikainama kujifanya nafunga kiatu, na viatu vyangu havina kamba.

Swee Fong alitazama pembeni mpaka nikamaliza. Halafu akamwaga mataulo mezani.

"Chagua mwenyewe. Usinitazame mimi, baadaye useme nilikuuzia takataka."

Nilichagua kama mtu anayechagua dawa ya mgonjwa. Yale manene yenye manyoya marefu niliyaweka kando. Hayo ni ya bodi ya gari. Yale yenye vishimo kama sega la nyuki nikayaweka kando pia. Yananywa maji vizuri lakini kwenye kioo yanaacha mistari. Nikabaki na yale mepesi, bapa, laini kama ngozi ya ndani ya mkono. Moja lilikuwa na lebo ngumu pembeni, nikalirudisha. Jingine pindo lake lilishonwa kwa uzi wa pamba, nikalirudisha. Yaliyobaki nikayasugua moja moja kwenye mtandio, nikausogeza kwenye mwanga wa mlango.

Mataulo ya kijivu, yaliyokatwa bila pindo, hayakuacha hata unywele.

"Haya," nilisema.

"Moja lenye unyevu, moja kavu," alisema Swee Fong. "Yafue peke yake, sabuni kidogo. Harufu ya maua hapana, moto hapana. Na usimwazime mtu akafutie meza."

Niliyafua kwa mkono. Niliyaanika chumbani mbele ya feni nikalala na upepo wa mataulo usoni. Kesho yake alfajiri nilifuta kioo ndani na nje, nikapiga tochi kwa ubavu kutafuta mstari, sikuuona. Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Ilikuwa kana kwamba kioo hakipo.

Baba Mkubwa akaja, akakaa, akawasha gari. Nikasubiri.

"Iqah," alisema.

"Abee."

"Umefuta kweli?"

Mama Mkubwa alikuwa anapanda kiti cha mbele na chupa yake ya chai. Alinitazama, akatazama kioo, akafunga mlango.

"Atafuta tena tukirudi," alisema. "Twende."

Nilifuta tena. Nilifuta kwa maji ya chupa nikidhani ya bomba yana chokaa. Nilifuta kwa siki mpaka Qistina akasema gari linanuka achari. Nilinunua mataulo mengine. Nilikata kucha. Baba Mkubwa hakuwa mkali tena, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa anatoa kitambaa chake mfukoni, anafuta kile kioo kwa ndani polepole, anakitazama, anakirudisha mfukoni.

"Basi," alikuwa anasema. "Umejitahidi."

Usiku nilijiambia: hata hili huwezi.

Halafu ikaja Jumamosi.

Kulikuwa na michezo shuleni, na tulikuwa tuondoke saa mbili badala ya alfajiri. Nilikuwa nimeamka na ujumbe kwenye simu. Mtu fulani mwenye huruma alinitumia picha ya Hairul na mchumba wake mpya. Nilikaa sakafuni bafuni mpaka Mama Mkubwa alipogonga mlango kwamba tunaondoka. Nilitoka mbio nikapanda nyuma, na tulipofika kwenye kona ndipo nilipokumbuka.

Sikufuta.

Kioo kilikuwa vilevile kama kilivyotoka kwenye mvua ya jana. Kulikuwa na madoa ya maji yaliyokauka, na upande wa dereva kabisa ndege alikuwa ameacha zawadi yake na mjusi ameikanyaga akapita nayo mpaka katikati.

Nje kulikuwa na mwanga wa kutosha, lakini wingu lilikuwa limefunika mji mzima. Jua hakuna, taa za magari hakuna.

Tulipokwisha kuwapakia watoto, Baba Mkubwa alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

"Leo ndiyo umefuta," alisema. "Unaona? Ukitaka unaweza."

Watoto waliniangalia. Mtoto wa Rozana, Irfan, ana miaka sita na hajajifunza kunyamaza. Alikinyooshea kidole kile kinyesi cha ndege.

"Lakini Mzee Rodzi, hapo kuna..."

"Irfan, mkanda," alisema Mama Mkubwa bila kugeuka.

Nilikuwa nimesubiri sifa ile siku zote zile. Ilinifikia nikahisi baridi kuanzia kwenye visigino.

Jumatatu nilikaa kiti cha nyuma yao na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimsikiliza Mama Mkubwa.

Siku zote nilidhani ni mdomo tu. Anapanda gari anaanza, na anaishia shuleni. Watoto humwita redio.

"Ah, babu Chin huyo na baiskeli yake, kushoto, kila siku katikati ya njia kama kainunua... Taa hii ikiwa nyekundu huwa haiishi... Kuna lori la mchanga limeegeshwa hapa mbele, watu hawana adabu, mpaka uzunguke upande wa kulia... Haya, wanafunzi wanavuka, tazama soksi zao, mama zao hawawaoni..."

Nilifumba macho. Kwa maneno yake peke yake ningeweza kuendesha lile gari mpaka shule.

Na siku ile ya mikate, Mama Mkubwa alikuwa amegeuka nyuma kumfuta Qistina matapishi.

Jumanne jioni nilimkuta jikoni. Alikuwa anakunja vitambaa vya kumfungia mzazi tumbo, na jiwe la kumkandia kwa moto alikuwa amelizungushia batiki kuukuu. Binti yake alikuwa anatarajia kujifungua Kuala Lumpur siku yoyote, mtoto wa kwanza.

"Mama Mkubwa, naomba kuuliza."

"Uliza."

Nilisimama pale nimeshika mkono wa jokofu.

"Mataulo yamekwisha tena?" alisema.

"Kioo ni kisafi, Mama Mkubwa."

Aliendelea kukunja.

"Jumamosi sikufuta kabisa," nilisema. "Na akanisifu."

Alilaza kitambaa juu ya kitambaa, akakipigapiga kwa kiganja kama kina mtoto ndani.

"Likizo ya mwisho wa mwaka atakwenda hospitali," alisema. "Ameniapia kwa kaburi la mama yake. Ni mtoto wa jicho, taa zikimpiga ndipo haoni; siku hizi wanamtoa, ni jambo dogo. Lakini daktari akiandika leo, leseni inachukuliwa leo. Watoto wanapanda gari jingine kesho. Unadhani mwaka mpya watarudi? Bila lile gari unajua atafanya nini? Atakaa kwenye kiti pale barazani akisubiri kufa."

"Na watoto?"

"Watoto nawaangalia mimi. Kwa mdomo wangu huu. Mnauita redio."

"Lakini unakwenda Kuala Lumpur."

"Nakwenda kesho alfajiri, uchungu umeanza. Nani atamkanda mwanangu siku zote za uzazi, jirani?" Hapo ndipo aliponitazama. "Kwa hiyo mbele utakaa wewe."

"Mimi?"

"Uongee."

"Mama Mkubwa, mimi hata chai siwezi kuagiza mgahawani, nanyoosha kidole tu."

"Utajifunza. Kila unachokiona, kiseme. Jifanye mmbea. Asijue kwamba unajua, usimvunjie heshima yake."

Nilitaka kusema siwezi. Likatoka jingine.

"Kwenye kundi la wazazi uliandika ni mimi."

"Niliandika."

"Kwa nini?"

Alichukua lile jiwe akalitia ndani ya begi.

"Kwa sababu nilijua utavumilia," alisema.

Asubuhi ya Jumatano nilifuta kioo mara mbili. Nilijua hakisaidii, lakini mikono ilitaka kazi. Teksi ilikuwa imeshamchukua Mama Mkubwa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, giza halijatoka, na kila gari barabarani limewasha taa.

Nilipanda mbele. Kiti kilikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya karafuu.

"Saodah akiwepo hapa kelele tupu," alisema Baba Mkubwa, akitoa gari nje polepole. "Leo tutapumzika masikio."

Nilifungua mdomo. Haukutoka hata upepo.

Tulikwenda hivyo mpaka barabara kubwa. Alikuwa ameinama mbele, kidevu karibu na usukani, macho ameyabana. Taa za lori zilitujia.

"Lori," nilisema.

"Eh?"

"Lori, Baba Mkubwa. Liko upande wake. Kubwa."

Alivuta gari kushoto kidogo. Hakuniuliza kwa nini namtajia lori. Nikapata nguvu.

"Babu Chin," nilisema. "Na baiskeli. Kushoto."

"Mzee huyu," alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha ndogo, ya mtu aliyeshikwa mkono gizani. Nilidhani tutaweza. Nawaambia ukweli, kwa urefu wa barabara ile nilidhani tutaweza mpaka mwisho wa mwaka.

Kisha tukafika kwenye kivuko karibu na msikiti.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshaingia barabarani na mwavuli, watoto wawili wa sare nyeupe wamemshika pande zote. Taa zetu zilikuwa zimewamulika mpaka naona lebo kwenye begi la mdogo. Nilisema simama. Nilisema moyoni. Ndivyo nilivyosema maisha yangu yote kila jambo lilipokuwa muhimu, na gari lilikuwa linakwenda.

Nilishika breki ya mkono nikaivuta kwa mikono miwili.

Gari liliteleza likazima. Mwanamke aliinua kiganja kutushukuru kwa kumpisha. Watoto walivuka mbele ya boneti, wa mwisho akaigusa kwa kidole.

Baba Mkubwa alikuwa anawatazama moja kwa moja.

"Kuna nini?" aliniuliza.

Wasomaji wangu, nilimjibu nini?

"Paka," nilisema.

Aliwasha gari. Hakuna aliyemtazama mwenzake mpaka tulipofika kwa Rozana, kituo cha kwanza.

Alikuwa ameshafungua geti, amevaa kaftani yake ya nyumbani, Qistina mkono huu na Irfan mkono huu. Nilishuka kufungua mlango wa kusukuma.

"Leo uko mbele," alisema. "Mama Saodah yuko wapi?"

"Kuala Lumpur. Kwa mzazi."

"Alhamdulillah." Aliinama akakitazama kioo cha mbele kwenye mwanga wa taa ya geti. "Kinang'aa sasa. Dada Iqah, unisamehe yale niliyoandika. Nilikuwa na hofu tu. Ukiwa na wako utaelewa."

Irfan alikuwa ameshashika mkono wa mlango. "Nikae mbele na wewe?"

"Fungua mlango, Iqah," alisema Baba Mkubwa kutoka ndani. "Tunachelewa."

Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa Irfan. Sikufungua.

"Iqah," alisema tena, chini, na jinsi alivyolitaja jina langu nikajua kwamba anajua. "Fungua, mwanangu. Tutakwenda polepole. Wewe uniambie tu."

Aliniita mwanangu. Nilimwona tena siku ile akipakia begi langu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya majirani wote.

"Usiwapandishe," nilisema.

"Unasemaje?" Rozana alisogeza sikio.

Nilirudia kwa sauti, ili na yeye ndani ya gari asikie, kwa sababu sikutaka nimseme kwa kunong'ona kama nilivyosemwa mimi.

"Dada Rozana, usiwapandishe watoto. Baba Mkubwa haoni. Sasa hivi kwenye kivuko amewatazama watoto wawili mbele ya gari na hakuwaona. Na mimi nilijua. Nimejua tangu Jumamosi."